Asili Moja, Nakala Elfu: Nani Anayalinda Maneno ya Sheria?

Mnamo mwezi wa Mei mwaka 2010, ikiwa imesalia yapata miezi mitatu kabla ya wananchi wa Kenya kuipigia kura ya maoni Katiba mpya, ilibainika kwamba baadhi ya nakala zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali zilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo Bunge halikuyapitisha. Maana yake ni "usalama wa taifa". Yalikuwa yamechomekwa katika Kifungu cha 24, mahali hasa panapotaja ni kwa sababu zipi haki za raia zaweza kupunguzwa. Maneno mawili tu katika kitabu kizima. Lakini lau yangalipita, haki nyingi zilizoandikwa mle zingalikuwa na mlango wa nyuma, na ufunguo wake ungalikuwa mfukoni mwa serikali. Watu wa pwani, waliokwisha kuona vijana wao wakichukuliwa usiku kwa jina la huo usalama, hawahitaji kufasiriwa jambo hili.

Maneno yale yaligunduliwa, polisi wakapewa kazi ya kuchunguza, na Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti haikuwa nayo. Lakini msomaji ajiulize: yaligunduliwaje? Yaligunduliwa kwa sababu palikuwa na nakala nyingine ya kulinganishia. Jambo hili tuliweke kando kidogo, kwani tutalirudia, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote nitakayoyasema.

Leo sheria ya nchi haikai katika kitabu peke yake. Iko katika karatasi, iko katika tovuti, iko katika simu ya kijana aliyekaa barazani. Gazeti nalo ni hivyo hivyo, na kitabu cha shule, na ilani ya kaunti. Maandishi yale yale hutakiwa yatoke mara mbili: mara katika chapa ya wino na mara katika kioo cha mashine. Na swali lililowashughulisha mafundi wa kompyuta kwa zaidi ya nusu karne ni hili: chombo cha namna gani kiundwe, ili mwandishi aandike mara moja tu, kisha kutoka asili hiyo moja zitoke nakala za kila umbo bila ya mkono wa mtu kuzigusa tena?

Desturi ya ofisi zetu nyingi waijua. Karani huandika katika kompyuta, akapeleka kwa mpiga chapa. Mpiga chapa akapanga kurasa kwa mashine yake, na makosa yakaonekana katika kurasa za majaribio, yakasahihishwa huko huko kwa mpiga chapa. Yule karani wa kwanza hana habari. Kijana wa tovuti naye amekwisha kuchukua maandishi ya karani na kuyatundika kama yalivyokuwa. Mwaka mmoja baadaye sheria yabadilishwa neno, na neno labadilishwa katika tovuti lakini si katika kitabu, maana kitabu kina gharama. Hapo pana watoto watatu wa mama mmoja, na hakuna hata wawili waliofanana.

Ugonjwa huu si wa kompyuta. Wazee wetu walioshughulika na miswada ya tenzi waliujua vyema. Kila mnakili alikuwa na mkono wake na kumbukumbu yake. Huyu huruka ubeti, yule huongeza, wa tatu huona neno gumu akaliweka jepesi. Ndiyo maana Al-Inkishafi, utenzi mashuhuri kuliko nyingi pwani hii, hausomeki sawa katika miswada yake yote. Idadi ya beti hupishana na mpango wake hupishana, na wataalamu wamekesha wakiulizana lipi lilitoka kinywani mwa mtungaji. Kwa utenzi, tofauti kama hizi zina ladha yake, na mimi ni miongoni mwa wanaozifurahia. Kwa sheria, tofauti ya neno moja ni nyumba ya mtu, au kifungo cha mtu.

Serikali nayo ilikuwa na dawa yake ya kale. Vitabu vya Sheria za Kenya vilifungwa katika majalada ya kurasa za kuchomoa. Sheria ikibadilishwa, ofisi iliyonunua vitabu hivyo hupelekewa kurasa mpya, na karani huketi akachomoa za zamani na kuchomeka mpya mahali pake. Kazi ya subira. Karani mvivu akiziacha kurasa katika bahasha, wakili wake atasimama mbele ya hakimu na sheria iliyokwisha kufa. Na hata karani hodari ana hasara aliyoileta bila kujua: amezitupa kurasa za zamani, na kesho akiulizwa sheria ilisemaje miaka mitano iliyopita hana jibu.

Basi mafundi walifanya nini? Walitambua kwanza jambo ambalo likisemwa laonekana dogo: kwamba maandishi yana mambo mawili yaliyochanganyika, nayo ni kile yalicho na vile yanavyoonekana. Nitatoa mfano wa kwetu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina kina cha utenzi wote. Huo ndio ubeti. Sasa tazama muswada wa hati za Kiarabu: aghalabu utauona ubeti mzima umelazwa katika mstari mmoja au miwili, na alama ndogo zikitenga kipande na kipande. Tazama kitabu kilichopigwa chapa kwa hati za Kilatini: ubeti ule ule umesimama mistari minne, mmoja juu ya mwingine. Je, ubeti umebadilika? Haukubadilika. Kilichobadilika ni mstari, na mstari ni mali ya karatasi. Kipande ni mali ya shairi. Anayeiambia mashine "huu ni mstari" ameifunga katika karatasi moja. Anayeiambia "hiki ni kipande cha tatu cha ubeti wa kumi" ameiacha huru ikilaze au ikisimamishe, ikiandike kutoka kulia au kutoka kushoto, kwa kadiri ya pale kinapokwenda kusomwa.

Au tuchukue mfano ulio karibu zaidi na kila aliyepita chuoni. Msahafu wa Madina, kwa hati ya Uthman Taha, una kurasa 604, kila ukurasa mistari kumi na mitano. Misahafu ya chapa za Bara Hindi, ambayo wengi wetu tulisomea, ina mpango mwingine wa kurasa na mistari. Lakini hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi afungue ukurasa fulani mstari fulani kama ndiyo anwani ya maneno. Husema sura na aya. Anwani ile haipotei hata msahafu uwe mdogo wa mfukoni ama mkubwa wa msikitini. Tena alama za kusimama huandikwa ndogo juu ya maneno, msomaji akajua hapa pasimamwe na hapa pasisimamwe, wala hakuna anayezisoma zile alama kama sehemu ya maneno. Maneno ni yake, alama ni za kumwongoza msomaji. Fundi wa kompyuta aliyefikia kanuni hii alidhani ameivumbua.

Alifikia lini? Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM huko Marekani, watu watatu, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, walikuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi na kutoa maandishi ya ofisi za mawakili. Waliunda mpango wa alama walioupa herufi za kwanza za majina yao, GML. Badala ya kuamrisha "weka herufi nene, ruka mstari," alama zao zilisema "hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha," na umbo likaamuliwa baadaye na mashine. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa kimataifa wa SGML mwaka 1986, na mtoto wake mwepesi, XML, mwaka 1998. Lugha ya kurasa za tovuti, HTML, ni ya ukoo huo huo. Msomaji aone kwamba mambo yalianzia kwa mawakili, na si ajabu, kwani hakuna watu wanaonakili maneno yale yale kwa wingi na kwa woga kama wao.

Lakini sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi inavyostahiki ni ile ya Afrika. Mnamo miaka ya 2004 na 2005, chini ya Umoja wa Mataifa, palianzishwa kazi ya kuyasaidia mabunge ya Afrika kuhifadhi miswada, sheria na kumbukumbu za mijadala yao. Kwa kazi hiyo ukaundwa mpango wa alama uitwao Akoma Ntoso, jina la Kiakan cha Ghana lenye maana ya mioyo iliyoungana, ambalo pia ni jina la mojawapo ya nembo zao za kale. Waliousanifu ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, Fabio Vitali na Monica Palmirani miongoni mwao. Mwaka 2018 mpango huo ukatangazwa kuwa kanuni ya kimataifa. Leo tovuti ya sheria za Uingereza hutoa sheria zake katika umbo hilo pia, na Jumuiya ya Ulaya ina lahaja yake. Kwa hiyo kitu kilichoundwa kwa haja ya mabunge ya Afrika, na kikabatizwa kwa lugha ya Kiafrika, kinasomwa London. Mara nyingi sisi huzoea safari ya kinyume chake.

Na hapa Kenya? Anayefungua tovuti mpya ya Kenya Law, ambayo ni taasisi ya umma ya kuchapisha sheria na hukumu, atazame anwani iliyo juu ya kioo. Ataona herufi akn, kisha ke, kisha aina ya maandishi, mwaka, nambari, halafu lugha na tarehe. Hiyo ndiyo Akoma Ntoso. Anwani ile yafanya kazi ya sura na aya: haisemi ukurasa, yasema kitu chenyewe.

Katika mpango huu mna hekima moja ambayo nimeipenda. Waliousanifu walitenganisha daraja kadhaa. Kuna sheria yenyewe, kama jambo lililoamuliwa na Bunge. Kuna usomaji wake, yaani maneno yake kwa lugha fulani na kwa tarehe fulani. Kuna umbo lake, kama ni la tovuti au la kitabu. Kisha kuna nakala moja moja, hii uliyoishika mkononi. Mtu wa kawaida huziita zote "sheria", na hapo ndipo ugomvi uanziapo.

Chukua mambo ya wakfu. Kwa miaka mingi yalitawaliwa na sheria ya zamani ya Makamishna wa Wakfu, Sura ya 109. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Wakfu mpya, nayo ikaifuta ile ya kwanza. Tuseme pana nyumba ya wakfu Mji wa Kale, na jamaa wanashindana juu ya jambo lililotendeka mwaka 2019. Kusoma sheria ya leo hakutoshi. Yatakiwa ijulikane sheria ilisomekaje siku ile. Na kama jambo ni la mwaka 2023, aliyehifadhi kitabu cha baba yake kabatini hana alichokihifadhi. Chombo kilichosanifiwa vizuri hujibu yote mawili, maana hakifuti usomaji wa zamani kinapopokea mpya. Huuweka kando na tarehe yake. Karani wa kurasa za kuchomoa hangeweza hili hata angekuwa na mikono minne.

Upande wa chapa una taabu zake, na wanaosema kwamba mashine hufanya yote kwa kubofya kitufe hawajawahi kukaa karibu na mpiga chapa. Tovuti haina ukurasa. Hushuka kama kitambaa kisichokatwa. Kitabu kina ukurasa, nao una mwisho, na mwisho huo waweza kuangukia katikati ya jedwali, au ukaacha kichwa cha habari peke yake chini na habari yake ikaenda ng'ambo. Tanbihi katika kitabu hukaa chini. Katika simu chini ni wapi? Katika tovuti neno "tazama kifungu cha 12" huguswa kwa kidole likakupeleka. Katika karatasi kidole hakifanyi kitu, hivyo mashine yapaswa iandike nambari ya ukurasa, na nambari hiyo haijulikani mpaka kurasa zote zimekwisha kupangwa. Donald Knuth, bingwa wa Marekani, alipoletewa kurasa za majaribio za kitabu chake mwaka 1977, alichukizwa na ubaya wa herufi hata akaacha kazi nyingine aunde programu yake ya kupanga chapa, TeX. Ikamchukua miaka. Hadi leo wanahesabati waitumia.

Taabu nyingine ni ya watu. Mwandishi hapendi kuweka alama. Huona alama zile ni kelele katikati ya maneno yake, na mimi simlaumu. Ndiyo maana John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004 ilienea upesi: alama zake ni chache na hafifu, nyota hapa na mstari pale, jicho likazizoea. Miaka miwili baadaye John MacFarlane, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akaanza kuitoa pandoc, programu ya bure ambayo kutoka faili moja la namna hiyo hutoa ukurasa wa tovuti, kitabu cha PDF na maumbo mengine mengi. Kwa barua, hotuba na hata diwani ya mashairi, yatosha na kubaki. Kwa sheria haitoshi, kwa kuwa nyota na mstari haziwezi kusema "neno hili lilianza kutumika tarehe fulani, likafutwa na sheria fulani." Kazi hiyo yataka alama nzito, na watu waliofunzwa, na malipo yao. Shirika la Laws.Africa la Afrika Kusini limeunda chombo kiitwacho Indigo kwa ajili hiyo, nalo limekiacha wazi kwa yeyote kukitumia na kukichungulia ndani.

Sasa turudi kwenye maneno mawili ya mwaka 2010.

Wapenzi wa asili moja husema: laiti mpiga chapa angalikuwa akitoa nakala zake kutoka chimbuko moja na Bunge, maneno yale yasingaliingia. Huenda. Lakini mimi naona kuna upande wa pili, nao wanishtua zaidi. Lau mkono ule ungaliufikia mtungi wenyewe badala ya kikombe, maneno yale yangalitoka katika kitabu, katika tovuti, katika simu na katika kila kona kwa saa ile ile. Pasingalikuwa na nakala ya kuzikanusha nyingine. Mashahidi wote wangalisema mamoja, na umoja wa mashahidi ndio unaomtuliza hakimu. Upotofu wa wanakili wa zamani ulikuwa na rehema moja ndani yake: haukuweza kutokea mahali pote kwa siku moja. Mwenye kulinganisha miswada mitano ya Lamu na Pate huweza kumkamata aliyechomeka. Chombo tunachokisifu hapa kimeiondoa rehema hiyo.

Ndiyo maana naona kazi kubwa ya msanifu wa chombo kama hiki haiko katika uzuri wa kurasa. Iko katika daftari. Kila badiliko liandikwe nani alilifanya, lini, na kwa amri ya sheria gani, na daftari lenyewe lisiwe la kufutika. Tena nakala za asili zitoke nje ya ofisi moja, zikae katika vyuo vikuu, katika maktaba, katika mikono ya watu wasiomtii mtu mmoja, ili siku ya shaka pawe na cha kulinganishia. Kuna njia za hesabu za kulipa faili alama yake ya kidole, hata herufi moja ikibadilishwa alama hailingani tena. Hizi si ndoto. Mafundi huzitumia kila siku kulinda programu zao, wasizotaka ziguswe, na sheria zetu hazina thamani ndogo kuliko programu zao.

Mfano wa ulinzi wa namna hii upo. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, ulitayarisha maandishi ya Kurani kwa herufi za kompyuta, yakakaguliwa, yakatolewa bure yawe asili moja kwa tovuti na programu za simu. Kabla yake kila mtu aliandika kwa mkono wake na makosa yakasafiri. Sharti lao ni fupi: nakili neno kwa neno, usibadilishe. Lakini hata hapo, ngome ya mwisho si faili. Ni vifua vya mahafidhi, walioenea duniani wasiojuana. Sheria ya Bunge haina mahafidhi, basi na iwe na nakala.

Yabaki neno la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 259 chasema pakitokea mgongano baina ya matini za lugha mbalimbali za Katiba hiyo, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Tanzania mwaka 2021 iligeuza, ikatunga kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Hapa kwetu Katiba imefasiriwa, lakini sheria nyingi za Bunge zasomwa kwa Kiingereza tu, na hukumu za mahakama za kadhi, ambazo nazo huwekwa katika tovuti ile ile ya Kenya Law, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza hali mdai, mdaiwa na kadhi mwenyewe walizungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni.

Katika anwani niliyoitaja, mahali pa lugha huandikwa eng. Mahali hapo hapo paweza kuandikwa swa; waliousanifu mpango waliacha nafasi kwa kila lugha. Sheria ya Wakfu ikifasiriwa na kutiwa alama zile zile, itatoka siku moja katika kitabu na katika simu, kifungu mkabala na kifungu, na mzee wa Kibokoni aliyekabidhiwa nyumba ya wakfu ataweza kusomewa na mjukuu wake kile anachotakiwa akitekeleze. Mashine haina kipingamizi. Kinachongojewa ni wafasiri, na fungu la fedha la kuwalipa.